Sisi ni Watu wa Gari

Msusi ndiye aliyeanza kulisema, na Msusi akisema jambo limekwisha enea, maana vichwa vyote vya wanawake wa mtaa ule hupita mapajani mwake. Alisema likizo ya shule ikikaribia, yule mshonaji wa majeneza wa nyumba ya pili hupiga magoti nyuma ya mlango akaomba mtu afe.

"Tena si mtu yeyote," alisema, kitana kimebanwa menoni. "Anaomba afe mtu wa mbali. Wa karibu hamfai. Wanawe watatembea wapi?"

Wanawake waliokaa barazani wakacheka mpaka wakashikana mabega. Aliyekuwa akisukwa hakucheka, si kwa huruma, ila nywele zilikuwa zimevutwa mno.

"Msusi, wewe nawe," alisema, macho yamemtoka. "Utakuja kuulizwa maneno hayo."

"Na niulizwe. Hivi hamjaona yule kitinda wake anavaa nini? Gauni la satini jeupe, lina marinda mpaka chini. Mnadhani limetoka duka gani lile? Ni mabaki ya jeneza!"

Tangu siku hiyo jina likawa Mama Satini. Watoto wake walirudi nalo kutoka bombani kama watu waliorudi na homa.

Ubaya wa uvumi ule ni kwamba haukuwa uongo mtupu. Kupiga magoti hakupiga. Lakini matembezi yalikuwepo, na bila maiti hayakuwa yakiwezekana.

Kazi yake ilikuwa kushona bitana. Nyuma ya kiwanja cha mbao kulikuwa na karakana ya majeneza, na humo seremala alitengeneza sanduku, na Mama Satini akalivika ndani: kwanza sponji, juu yake satini iliyokunjwa marinda membamba, kisha mto mdogo wa kichwa, kisha lesi ya kuficha misumari. Alikaa kwenye kigoda katikati ya maranda, misumari midogo midomoni, akishona kwa utulivu kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni. Seremala alikuwa akimtania, "Wewe ukifa utalala kwenye kazi yako mwenyewe, hutapata usingizi, utakuwa unatafuta kasoro."

Tajiri wa karakana, mwanamume wa tumbo kubwa na kijiti cha meno kisichomtoka mdomoni, alikuwa pia na gari refu la kusafirishia maiti. Jeneza lilikaa katikati, na mabenchi ya abiria kandokando. Barabara za mashamba zilikuwa mbaya. Zamani gari lilipofika, jeneza likifunguliwa watu waage, bitana ilikuwa imeanguka usoni mwa marehemu, watu wakapiga kelele, na sifa ya karakana ikaharibika. Basi Tajiri akaamua kwamba safari za mbali mshonaji aende na sindano yake, akae karibu na jeneza, na kabla halijafunguliwa aingize mkono arekebishe.

"Na wanangu nitamwachia nani?" Mama Satini aliuliza.

"Panda nao. Benchi lisipojaa wafiwa, jaza unavyotaka. Ila wasicheke."

Hivyo ndivyo familia ile ilivyoanza kutembea. Alikwenda yeye, mwanawe wa kiume, Kitinda, na Shangazi yake, dada wa baba yake aliyemlea, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu na machozi ya karibu. Shangazi alilia kila msiba kana kwamba marehemu alizaliwa mikononi mwake. Mara nyingine wenye msiba walimtoa nyuma wakamkalisha mbele, wakanong'onezana, "Huyu atakuwa ndugu wa upande wa mama." Yeye alipokea sahani yake na kuendelea kulia hukohuko akitafuna.

Watoto walikuwa na masharti yao, na waliyajua kuliko masomo. Usikimbie mpaka udongo urudishwe. Usiombe kuongezwa chakula. Usiulize amekufa na nini. Na mtu akikuuliza wewe ni wa nani hapa, sema, "Sisi ni watu wa gari." Jibu hilo lilitosha kila mahali. Hakuna aliyewahi kuuliza la pili.

Walifika kwenye vilima vya ukungu, ambako pumzi ilitoka mdomoni kama moshi na Kitinda akajifanya anavuta sigara nyuma ya kaburi mpaka Shangazi akamfinya. Walifika penye ziwa, na wakati watu wakiimba watoto walivua viatu wakaingia majini, kiatu kimoja cha mvulana kikaenda, akarudi mjini na mguu mmoja mweupe kwa vumbi. Safari moja gari lilizama kwenye tope. Wafiwa na wasio wafiwa wakasukuma pamoja, na mjane mwenyewe, nguo nyeusi zimejaa matope, akaanza kucheka asiweze kunyamaza. Shangazi alimshikilia akisema, "Cheka, mwanangu, cheka, hakuna anayekuona ila sisi."

Sehemu hizo hazikuwa na majina mengine kwao. Ziliitwa "kule kwa yule mzee wa masharubu," au "kwa yule mama mfupi." Kwenye msiba mmoja, wakati wa kuaga, jeneza limefunguliwa, kimya kimetanda, Kitinda alimtazama marehemu akasema kwa sauti, "Mama, mto uliomshonea umemkaa vizuri."

Lakini mtoto akizoea kitu hukidai. Kukawa na likizo ambayo waliokufa wote walikuwa wa mjini, makaburi yao hatua chache kutoka karakana. Mvulana alisimama mlangoni akitazama jeneza likitoka, akapiga teke ukuta. "Huyu naye kafia karibu!"

Mama yake alimzaba kofi. Kisha akaingia ndani akakaa, mkono bado unawaka, kwa sababu na yeye alikuwa amewaza hivyohivyo.

Aliwaza hivyo kwa jambo lake, ambalo hakumwambia mtu ila Shangazi, usiku, akidhani watoto wamelala.

Alikuwa na mtoto mwingine. Alipoachwa na mume, mama mkwe ndiye aliyegawa watoto, kama mtu anayegawa vyombo. Mvulana alikuwa bado wa mgongoni, na Kitinda alikuwa tumboni. "Hao nenda nao," mama mkwe alisema. "Huyu mkubwa keshajua kushika kazi, atabaki hapa." Huyu mkubwa alikuwa binti mdogo wa kimo cha meza. Alisimama mlangoni na chupa tupu mkononi, akidhani mama anakwenda dukani.

Alirudi mara moja tu kumtazama, na gauni kwenye mfuko. Mashemeji wawili walimzuia penye ua. Mtoto alikuwa amefungiwa jikoni. Alimsikia akiuliza kutoka ndani, "Ni nani?" na sauti ya mama mkwe ikajibu, "Ni mtu anauza nguo. Hatununui." Mashemeji wakamsindikiza mpaka barabarani wakimsukuma mgongoni kwa ncha za vidole, kama vile amechafuka.

Basi kila alipopanda gari la maiti alikuwa akihesabu njia. Angekwenda kule kijijini kwa mama mkwe siku moja, kwenye msiba wa mtu wa kule. Kijiji chote kingekuja, na mama mkwe angekuja, na mtoto angekuja, hata kama ni kwa kubeba sahani. Na nani atamfukuza mtu aliyeshuka kwenye gari la maiti, sindano mkononi? Watamfukuza na jeneza lao? Aliwaza hivyo miaka ikapita, na kila jeneza likapinda njia nyingine.

Halafu Msusi akamleta mama yake.

Bibi aliletwa mjini kutibiwa, matibabu yakashindikana, akabaki. Msusi alimlaza chumba cha nyuma, katikati ya maboksi ya nywele bandia, kwa kuwa vyumba vingine vilikuwa na wateja na watoto. Haikuwa roho mbaya. Alikuwa mtu mmoja mwenye mikono miwili, na mikono yote miwili ilikuwa vichwani mwa watu tangu asubuhi.

Kitinda ndiye aliyemwona Bibi kwanza, mpira ulipoingia dirishani. Alirudi anahema.

"Mama! Bibi wa kwa Msusi kwao ni mbali!"

"Nani kakwambia?"

"Nimemuuliza. Nimemuuliza na kwao kuna nini cha kuona. Kasema kuna mto una mawe bapa kama meza, unalala juu yake." Kisha mtoto akataja jina la kijiji.

Mama Satini alikuwa na misumari mdomoni. Aliitema mmojammoja kiganjani. "Sema tena," alisema. Mtoto akasema tena.

Kesho yake alikwenda na bakuli la supu, akasema amesikia kuna mgonjwa. Msusi alimtazama juu mpaka chini, lakini kulikuwa na wateja watatu kwenye foleni. "Pita," alisema.

Akawa anapita kila siku akitoka karakana. Alimgeuza Bibi ubavu, akamwosha, akamkata kucha, akamletea kipande cha sponji cha kuweka chini ya nyonga pale palipoanza kuchubuka. Alijua kulaza mwili usiumie, kazi yake ilikuwa hiyo, tofauti ni kwamba huyu alisema asante. Bibi alikuwa mtu wa maneno. Alimsimulia habari za kijiji chake na hakuzimaliza. Kuhusu ile nyumba yenye ua, ya mama mkwe, alisema, "Wale? Wale hata kuku wao wanakula kwa kuomba ruhusa." Yule binti aliyebaki kule Bibi hakumfahamu. Alikuwa ameanza kuugua kabla binti hajawa wa kutumwa tumwa nje.

Siku moja Bibi akamshika mkono, kitambaa cha kuogea kinadondoka maji.

"Unaniosha kama mtu anayefua shati la safari," alisema.

Mama Satini akainamisha kichwa.

"Kale kadogo kako kamenieleza. Mtoto hana kifuniko." Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Usiinamishe kichwa, mwanangu. Nimeuguzwa na watu waliolingoja shamba langu, na hawakunisugua hata mgongo. Wewe unangoja kiti cha gari. Mimi sina haraka, lakini nikienda tutakwenda wote. Nani mwingine atanishikia satini njiani?"

Tangu siku hiyo likawa jambo la utani kati yao. Mama Satini akiingia, Bibi husema, "Leo bado. Anika tu nguo za watoto, zisivunde." Nao hucheka, kisha mmoja wao huacha kucheka kabla ya mwenzake.

Yaliyokuwa moyoni mwake Mama Satini hayakuwa mepesi kama utani. Alikuja akampenda yule mzee. Na asubuhi moja alipomkuta amekaa mwenyewe, mgongo wima, anakula na kuomba chumvi, alihisi kitu kinashuka ndani yake kama ndoo iliyokatika kamba. Alitabasamu. Alimletea chumvi. Kisha akaenda uani kwake akasugua sufuria zilizokuwa safi tayari, akasugua mpaka Shangazi akaja kumpokonya.

"Umekuwa nini wewe?"

"Amepata nafuu, Shangazi."

"Sasa si vizuri?"

"Vizuri," alisema, akafunika uso kwa mikono yenye masizi.

Msusi naye aliona mama yake amepona kidogo, na moyo ukamlainika. Alisema mbele ya wateja, na wateja wakashangaa kumsikia, kwamba alimsema vibaya yule mshonaji, kumbe ana utu kuliko ndugu wa damu. Jumamosi akamwita Kitinda. "Njoo nikusuke, bure. Likizo inakuja, upendeze."

Baraza ilikuwa imejaa. Mtoto aliingia katikati ya magoti ya Msusi, amejaa fahari. Mistari ya upande mmoja ilikwisha, mizuri, imenyooka. Msusi akiwa na furaha akauliza, kama mtu mzima anavyouliza mtoto ili watu wacheke, "Haya, mrembo wetu, likizo hii mnatembea wapi?"

"Tunamngoja Bibi."

"Bibi yupi?"

"Bibi wako. Akifa tunakwenda kumwona dada. Mama ameshafua nguo."

Hakuna aliyecheka. Mteja mmoja aliweka kikombe chake chini polepole, kisipige sauti.

Msusi alichomoa kitana kichwani mwa mtoto. Hakumpiga. Alimwinua kwa kwapa, akamweka ngazini, akamwambia, "Nenda kwenu." Kitinda akarudi mbele ya mtaa mzima na kichwa kilichosukwa upande mmoja, upande mwingine umesimama kama kichaka, na wavulana wa bombani wakamfuata wakiimba.

Msusi alikuwa nyuma yake. Alifika mlangoni na mafuta mikononi, na baraza yote imemfuata kwa mbali.

"Nijibu ndiyo au siyo. Ulikuwa unamngoja mama yangu afe?"

Mama Satini angeweza kusema mtoto amekosea. Shangazi alikuwa akimkonyeza aseme hivyo. Lakini Bibi alikuwa amemwita mwanangu.

"Ndiyo," alisema. "Lakini Bibi anajua. Tulizungumza."

"Mlizungumza!" Sauti ya Msusi ikapasuka. "Umekaa na mgonjwa wangu, umekula naye chumvi, mkapangana lini afe ili wewe upate gari? Shetani wa satini wewe! Ukikanyaga tena kwangu nitakuvunja huo mguu, na huo mguu ukauvike marinda."

Wanawake wakasema amin, na hao ndio waliocheka barazani siku ile ya kwanza.

Basi hakupita tena. Bibi alibaki peke yake katikati ya maboksi. Msusi alimwosha usiku akiwa amechoka, mara nyingine akasahau kumgeuza. Kidonda cha nyonga kikafunguka. Mchana, kelele za mashine za kukausha nywele zikizimwa, Mama Satini alisikia kikombe cha bati kinagongwa ukutani ng'ambo ya ua, taratibu, kama mtu anayeita bila kutaja jina. Alisimama uani kwake akisikiliza mpaka kikanyamaza. Mara moja alimtuma mvulana na sponji jipya. Lilirudi limerushwa juu ya ukuta.

Bibi alikufa saa za kazi, siku ya bibi harusi. Msusi alikuwa amezama mpaka vifundo kwenye nywele za bibi harusi, na matarumbeta yalikuwa yakijaribiwa nje. Alipokwenda nyuma kuchukua boksi jingine la nywele, ndipo akamkuta. Wanasema alirudi akamaliza kichwa. Walisema hivyo kwa kumlaani, lakini Mama Satini aliposikia alimwelewa. Angemwacha vipi mtu wa watu nusu kichwa?

Gari lililoweza kufika kijijini kwa Bibi lilikuwa moja tu. Msusi alikwenda karakana, macho yamevimba, akachagua sanduku. "Jeneza nachukua. Gari nachukua," alimwambia Tajiri. "Yule mwanamke wako asipande. Sitaki hata kivuli chake kwenye tairi."

Tajiri alihamisha kijiti upande wa pili wa mdomo. "Mteja ndiye mwenye gari."

"Bitana itaanguka," Mama Satini alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tajiri, ile barabara unaijua. Lazima mtu akae nayo."

"Ishone isianguke. Si ndiyo kazi yako?"

Alishona jeneza la Bibi siku nzima. Mchana Shangazi alimletea chakula, akamwinamia sikioni. "Sikiliza, mwanangu. Punguza misumari upande wa kichwa. Wakilitikisa kidogo likalegea, Tajiri mwenyewe atakuja kukupigia magoti upande gari. Shona ovyo, mara moja tu maishani mwako."

Naye aliufikiria ushauri ule. Aliushika mkononi kama alivyoshika nyundo. Alijua ni misumari ipi, alijua gari likifika kwenye daraja la magogo kitambaa kingeshuka, na alijua kitashukia wapi. Kingeshukia mdomoni mwa Bibi, mdomo wenye maneno yote yale. Na kule, watu wote wamesimama kuaga, Msusi angefunua na kumkuta mama yake amezibwa.

Akapigilia misumari safu mbili. Akashona kwa uzi wa maturubai juu ya misumari. Akaongeza mto wa pili, mdogo, pale nyonga ingekaa, ingawa hakuna nyonga inayouma tena.

Tajiri alikuja akaligonga kwa ngumi, akalivuta kwa kucha, akaliinua upande mmoja na kuliachia. Hakuna kilichotikisika. Akacheka, amefurahi kweli. "Hili hata gari likipinduka halichomoki! Kumbe muda wote huo nilikuwa nakubeba bure? Kuanzia sasa shona hivi, ubaki nyumbani."

Asubuhi ya safari Shangazi aliwavika watoto. Mama Satini alimkataza, Shangazi akajifanya kiziwi. Akawapaka mafuta, akawafunga viatu, akawapanga ukingoni mwa barabara mahali gari litakapopita. "Akiwaona atalainika," alisema. "Mtu mwenye msiba moyo wake ni maji."

Gari lilisimama mbele ya nyumba ya Msusi. Jeneza likaingizwa. Ndugu wachache wakapanda, wakajaa benchi moja. La pili likabaki tupu, urefu wake wote, ngozi yake iliyopasuka ikimetameta kwa jua. Mama Satini alilitazama lile benchi. Watoto walilitazama. Msusi akawaona wanavyolitazama. Akageuka, akawaita vijana, nao wakaanza kupakia viti vya plastiki vya saluni, vimoja juu ya vingine, mpaka benchi likajaa kutoka mlangoni hadi mwisho.

"Mama," Kitinda aliuliza, na mtaa mzima ulisikia, "viti vinakwenda kumwona nani?"

Mtu mmoja akaguna kicheko, kisha wawili, kisha barabara nzima. Mvulana alimziba mdogo wake mdomo kwa mkono na yeye mwenyewe akaanza kulia, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu akiwa mdogo. Shangazi, ambaye alilia misiba ya watu wasiomjua, alikuwa na macho makavu. Alimsukuma Mama Satini mgongoni. "Nenda ukampigie magoti. Nenda!"

Dereva alikuwa amewasha injini. Mama Satini akavuka. Hakupiga magoti. Alisimama kwenye dirisha la mbele, alipokaa Msusi na kanga nyeusi kichwani, akashika ukingo wa kioo kwa vidole vilivyotobolewa na sindano.

"Ondoa mkono," Msusi alisema bila kumtazama. "Nafasi hakuna."

"Sikuja kuomba nafasi."

"Umekuja kuomba nini? Msamaha? Peleka karakanani."

"Dereva, ngoja kidogo," Mama Satini alisema, na dereva, aliyekuwa amesafiri naye njia zote, akaacha gari lingurume palepale. Akamwinamia Msusi, akasema kwa sauti ya chini, haraka, kama mtu anayetoa maagizo mlango ukifungwa.

"Kuna nyumba yenye ua, upande wa kulia ukitoka mtoni. Watakuja wote msibani. Kutakuwa na msichana, anakaribia kuvunja ungo, jicho moja dogo kuliko la pili, kama la huyu mdogo wake wa kiume pale. Watamweka nyuma na vyombo. Usimwambie lolote juu yangu. Lakini wewe ndiye mfiwa, ukitaka kitu hawatakukatalia mbele za watu. Mwite. Sema unataka akae nawe, akushike mkono, sababu yoyote. Chakula kikija, mpe sahani yake mwenyewe, na wakimwita jikoni sema bado umemshika. Nakuomba, dada yangu. Usimwachie mpaka amalize kula."